Watu wazima watatu mwezi wa kwanza, hakuna hata mmoja mwezi wa 13: kisa cha familia moja Ujerumani

Mipaka ya kisa

Mama wa kisa hiki ni mzaliwa wa pwani ya Afrika Mashariki, mtaalamu wa maabara katika mji wa ukubwa wa kati, magharibi mwa Ujerumani. Mumewe ni fundi mitambo kiwandani. Majina, mji, jimbo na waajiri vimeondolewa, na fedha zimewekwa kwa namba za karibu. Mtoto alizaliwa katikati ya Juni 2022, kwa hiyo kanuni zinazoelezwa ni za wakati huo. Zilizobadilika baadaye zimetajwa mwishoni.

Hiki si kisa cha balaa, na ndiyo sababu kinafaa kuchambuliwa. Hakuna aliyefukuzwa kazi, hakuna mwajiri mkorofi, na kila posho iliyoombwa ililipwa. Hata hivyo mama aliyekuwa akifanya kazi saa 39 kwa wiki sasa anafanya 25, wala si kwa kupenda. Ukifuata hatua moja moja unaona kila saa ilipopotelea.

Mishahara na madaraja ya kodi

Kabla ya ujauzito mume alilipwa euro 4,200 kwa mwezi kabla ya makato, mke 3,000. Mkononi mume alipata kama 3,000 na mke kama 1,700. Tofauti ya 1,200 ilikuwa imefika 1,300, na hapo ndipo pa kuanzia.

Ujerumani haimtozi kila mwanandoa kodi yake peke yake. Tangu 1958 mapato ya wawili hujumlishwa na kugawanywa kwa mbili, kodi ya nusu moja hukokotolewa, kisha huzidishwa kwa mbili. Ndoa inayonufaika zaidi ni ile ambayo mmoja anapata nyingi na mwenziwe kidogo, au hapati kitu. Makato ya kila mwezi nayo hufuata daraja la kodi, Steuerklasse. Wanandoa wengi huweka III kwa mwenye mshahara mkubwa na V kwa mwenye mdogo, kwa kuwa jumla inayoingia nyumbani kila mwezi huonekana kubwa. Hawa walifanya hivyo wiki walipofunga ndoa, kwa ushauri wa mfanyakazi mwenza.

Daraja halibadilishi kodi ya mwaka mzima. Hilo husawazishwa kwenye hesabu za mwaka unaofuata. Linalobadilika ni kiasi kinachosomeka kwenye hati ya mshahara ya kila mmoja, na posho kadhaa hukokotolewa kutoka kwenye hati hiyo: posho ya wazazi, malipo ya ugonjwa, malipo ya kukosa kazi. Hizo hazisawazishwi na mtu baadaye. Mke huyu kwenye daraja la IV angesomeka kama 2,000, na kwenye III kama 2,250.

Mfuatano wa matukio

*Oktoba hadi Desemba 2021.* Ujauzito ulithibitishwa Oktoba. Suala la daraja la kodi lilizuka Desemba, kwa bahati tu, katika mazungumzo na jamaa. Kwa wakati huo lilikuwa limechelewa. Posho ya wazazi, Elterngeld, hutazama miezi 12 kabla ya mwezi ambao likizo ya uzazi inaanza. Kwake ilikuwa Mei 2021 hadi Aprili 2022, na daraja linalohesabiwa ni lile lililoshika sehemu kubwa ya miezi hiyo. Mabadiliko huanza kufanya kazi mwezi unaofuata ombi, hivyo ombi la Desemba lingewapa miezi minne tu ya daraja jipya. Wakaacha. Washauri wa wazazi huhimiza angalau miezi saba, maana yake ombi lipelekwe karibu na siku kipimo kinapoonyesha mistari miwili, au kabla.

*Mei hadi Agosti 2022.* Likizo ya uzazi ya lazima, Mutterschutz, ni wiki 6 kabla ya kujifungua na wiki 8 baada. Bima ya afya hulipa hadi euro 13 kwa siku, na mwajiri hujazia mpaka ufike wastani wa mshahara wa mkononi. Hapa hakukuwa na tatizo.

Mtoto alizaliwa kwa upasuaji. Mume alichukua miezi yake miwili ya posho hapo hapo, mwezi wa kwanza na wa pili. Bibi naye, mama mzazi wa mke, alikuja kutoka nyumbani kwa viza ya siku 90 ili amkande binti yake na kumtazama mpaka arobaini ipite. Kwa mzazi aliyeshonwa, maamuzi yote mawili yana mantiki, na hakuna aliyekaa nyumbani bure.

Mke aliomba likizo ya malezi isiyo na mshahara, Elternzeit, ya mwaka mmoja. Ombi hupelekwa wiki 7 kabla ya kuanza. Likizo hiyo ikiunganishwa na Mutterschutz, barua inatakiwa iandikwe ndani ya wiki ya kwanza baada ya kujifungua, mtu akiwa bado wodini. Kwenye barua ile kuna mtego. Sheria inamtaka mzazi aseme mpango wake wa miaka miwili yote. Ukiomba mwaka mmoja na kunyamaza kuhusu wa pili, umehesabiwa kuwa wa pili huutaki, na kuurudisha kunahitaji ridhaa ya mwajiri.

*Februari 2023.* Familia ilijiandikisha kwa vituo vitano vya kulelea watoto, Kita, kupitia tovuti ya mji. Tangu tarehe 1 Agosti 2013 kila mtoto wa Ujerumani aliyetimiza mwaka mmoja ana haki ya kisheria ya kupata nafasi. Lakini nafasi za Kita hazifunguki mtoto anapotimiza mwaka. Hufunguka Agosti au Septemba, wakubwa wanapokwenda shule, na hugawanywa mapema mwaka huo. Aidha, jimbo lao linamtaka mzazi atoe taarifa miezi 6 kabla ya siku anayoihitaji nafasi, na wao walitoa minne. Vituo vyote vitano vilikataa.

*Mei hadi Oktoba 2023.* Mwajiri wa mke aliridhia kuongeza mwaka mmoja wa likizo. Angeweza kukataa. Posho ya mke ilikwisha mtoto alipotimiza mwaka. Tangu Julai alifanya kazi ndogo ya jioni na Jumamosi, Minijob, ambayo mwaka huo ilikuwa na ukomo wa euro 520 kwa mwezi. Oktoba idara ya ustawi wa vijana ilimpatia mlezi wa nyumbani, Tagesmutter, wa saa 25 kwa wiki. Mlezi wa namna hii hupokea watoto wasiozidi watano nyumbani kwake, na kwa mtoto chini ya miaka 3 sheria inamhesabu sawa na kituo. Wiki za kumzoesha mtoto zikapita, na Novemba mke akarudi maabara kwa saa 20, akiwa bado ndani ya Elternzeit.

*Januari 2024.* Walibadili madaraja: wote IV, kwa utaratibu wa kigawe unaogawa makato kulingana na mchango wa kila mmoja.

*Juni hadi Agosti 2024.* Likizo ilikwisha. Kita ilipatikana kuanzia Agosti, mpaka saa nane mchana. Ofisi ya wafanyakazi ya mwajiri wake ilimpa mke fomu ya kupunguza saa hadi 25, naye akatia saini.

Fedha zilivyokwenda

Elterngeld ni takriban asilimia 65 ya mapato ya mkononi kwa mishahara ya kiwango hiki, isiyopungua 300 wala kuzidi 1,800 kwa mwezi. Mke alipata kama 1,030. Daraja la III lingempa karibu 1,390. Miezi miwili ya kwanza hufunikwa na malipo ya Mutterschutz na huhesabiwa kama imetumika, kwa hiyo ile miezi 12 inayotangazwa ilikuwa kumi tu ya fedha kutoka ofisi ya posho. Kumi mara 360 ni euro 3,600.

Mume kwa asilimia 65 alizidi ukomo, akapewa 1,800. Kila mwezi wa kukaa nyumbani ulimgharimu 1,200. Hiyo ndiyo sababu ya miezi miwili na si minne. Akina baba wengi wa Ujerumani wanaochukua posho huishia hapo hapo kwenye miwili, kiwango cha chini kinachokubalika.

Mwaka uliofuata ofisi ya kodi ilidai euro mia kadhaa zaidi. Elterngeld haitozwi kodi, lakini hupandisha kiwango kinachotozwa mapato mengine ya ndoa, na mume alikuwa amekatwa kidogo mwaka mzima kwenye daraja la III. Wengi hushtuka barua hii inapofika. Anayepokea posho ya zaidi ya euro 410 kwa mwaka analazimika kuwasilisha hesabu za kodi, hivyo barua yenyewe haikwepeki, na ni busara kutenga akiba yake mapema.

Kipindi cha kuamua mambo kilikuwa Oktoba 2023. Saa 20 kwenye daraja la V zilileta kama 1,050 mkononi. Toa ada ya mlezi, kama 250, inabaki 800. Minijob ya jioni ilileta 520 bila makato ya kodi na bila ada ya malezi, kwa kuwa baba alikuwa nyumbani. Kwa macho ya mezani, mke angeongeza saa karibu mara mbili ili apate 280. Wanawake wengi hupiga hesabu hii na kubaki na Minijob miaka kumi. Huyu alirudi kwa sababu aliogopa kupoteza ujuzi wa mashine mpya za maabara.

Uchambuzi: sera tatu, na nyufa katikati

Lawama rahisi ni kwamba walichelewa kujiandikisha. Ni kweli, lakini haitoshi kueleza yote. Nyumba hii iliongozwa kwa wakati mmoja na kodi ya 1958, posho ya 2007 na haki ya Kita ya 2013. Ya kwanza ilibuniwa kwa familia yenye mshahara mmoja. Ya pili inamtaka mama arudi kazini baada ya mwaka. Ya tatu inaahidi mahali pa mtoto siku hiyo hiyo. Kila moja ikitazamwa peke yake ina maana. Mwanamke hupotea kwenye ufa, pale moja inapoishia kabla nyingine haijaanza.

Ufa mkubwa ulikuwa kati ya Juni na Oktoba 2023. Ona jinsi nguvukazi ya nyumba ilivyogawanywa. Mwezi wa kwanza mtoto alikuwa na watu wazima watatu: mama kwenye Mutterschutz, baba kwenye posho, bibi kwenye viza. Mwezi wa 13 hakuwa na hata mmoja mwenye malipo. Miezi miwili ya baba ingeweza kuwa wa 13 na wa 14, au mmoja wa kwanza na mmoja wa 13. Bibi naye, viza ya Schengen humruhusu siku 90 katika kila siku 180, hivyo angeweza kurudi mwaka uliofuata. Nauli ya pili, bima ya safari na makaratasi ya udhamini havikuwemo kwenye bajeti. Arobaini ina uzito wake, na hakuna anayepaswa kumwambia mzazi aliyepasuliwa asubiri. Ila familia ilitumia hazina yote mwanzoni bila kujua kwamba shimo refu lilikuwa mbele.

Halafu kuna mnyororo wa daraja la V. Kuna njia ya kutandaza posho, ElterngeldPlus, iliyoanza Julai 2015: nusu ya kiasi kwa muda maradufu. Miezi kumi ya mke ingeweza kugawanywa kuwa sita kamili na minane ya nusu, ikafika mwezi wa 16 bila kukatika. Waliikataa kwa sababu 1,030 tayari ilikuwa ndogo, na nusu yake haikutosha. Kwa 1,390 huenda wangeamua vingine. Chaguo la wiki ya ndoa likafunga mlango mtoto alipofika mwaka mmoja.

Siku za mtoto kuugua ziliharibu zaidi kuliko ilivyotazamiwa. Mlezi wa nyumbani akiugua hakuna wa kumbadili, na majira ya baridi ya kwanza mtoto huleta kila mafua ya mtaani. Mwaka 2024 kila mzazi aliye kwenye bima ya umma alikuwa na siku 15 kwa mtoto, kwa malipo ya kawaida ya asilimia 90 ya mshahara wa mkononi uliopotea. Mke alizitumia zake zote. Mume hakutumia hata moja, kwa hoja kwamba mshahara wake ndio mkubwa. Hoja hiyo haisimami: hasara yake ilikuwa asilimia 10 ya siku hizo, pesa ya chai. Kilichopotea upande wa mke ni nafasi ya kuongoza zamu, aliyopewa mwenzake aliyekuwa akionekana kazini.

Saini ya Juni 2024 ndiyo iliyogharimu zaidi. Mke alikuwa na njia mbili za kupunguza saa bila kupoteza ajira ya saa 39. Angeweza kuomba mwaka wa tatu wa Elternzeit na kufanya kazi ndani yake. Kwa mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 15 hilo huwa haki kwa aliyeajiriwa zaidi ya miezi sita, na likizo ikiisha mkataba wa zamani hurudi wenyewe. Au angeomba Brückenteilzeit, iliyoanza Januari 2019 kwa waajiri wenye wafanyakazi zaidi ya 45: saa hupunguzwa kwa mwaka mmoja hadi mitano, kisha mtu anarudi kamili. Fomu aliyopewa ilikuwa ya tatu, ya kupunguza saa bila kikomo. Mtoto alipotimiza miaka 3 na Kita ikaweza kumshika mpaka saa kumi alasiri, aliomba kurudi saa 39. Jibu: nafasi ikitokea utafikiriwa kwanza. Kisheria jibu ni sahihi.

Lililofanya kazi lipo pia. Likizo ililinda ajira na bima ya afya bila michango. Pensheni humwekea mzazi takriban alama moja kwa kila mwaka wa miaka mitatu ya kwanza ya mtoto, alama ambayo sasa ni kama euro 40 za pensheni kwa mwezi. Fidia ya miaka inayofuata ina masharti. Barua ya maandishi kwa idara ya ustawi ndiyo iliyoleta mlezi, si simu. Idara hizo zinajua kwamba Oktoba 2016 mahakama kuu ya shirikisho, katika kesi ya akina mama wa Leipzig, iliamua mji unaweza kudaiwa mshahara uliopotea kwa kukosa kutoa nafasi kwa wakati. Madai ya familia hii yangekuwa dhaifu kwa sababu ya ile miezi minne badala ya sita.

Kwingineko ufa huu uko wapi

Henrik Kleven na wenzake walichapisha mwaka 2019 ulinganisho wa nchi sita: mapato ya wanawake miaka 5 hadi 10 baada ya mtoto wa kwanza hushuka kwa asilimia ishirini na ushei Denmark na Sweden, 31 Marekani, 44 Uingereza, 51 Austria na 61 Ujerumani. Marekani, ambako sheria ya taifa ya 1993 inatoa wiki 12 tu bila malipo, na hata hizo kwa baadhi ya wafanyakazi, iko mbele ya Ujerumani yenye miaka mitatu. Urefu wa likizo peke yake hausemi mengi.

Sweden ilianza kumtoza kila mwanandoa kodi yake mwaka 1971, ikaanzisha likizo ya wazazi wote wawili 1974, na leo siku 90 kati ya 480 zimetengwa kwa kila mzazi. Kinachohusu kisa hiki ni kanuni isiyosifiwa sana: halmashauri inatakiwa itoe nafasi ndani ya miezi minne tangu kuombwa, na siku za likizo zinaweza kuvutwa mpaka nafasi ifike. Denmark inahakikisha nafasi tangu mtoto ana wiki 26, na ada ya mzazi haizidi robo ya gharama za uendeshaji. Huko likizo na kituo vimeshonwa pamoja.

Ila tahadhari mbili. Utafiti wa Austria uliofuatilia miongo sita ya kurefusha na kufupisha likizo na kupanua vituo ulikuta pengo la mapato kati ya wanaume na wanawake halikusogea sana. Mazoea ya nani akae na mtoto yana nguvu, na siku 15 za mume ambazo hazikuguswa ni ushahidi tosha. Pili, Francine Blau na Lawrence Kahn walionyesha mwaka 2013 kwamba Marekani ilishuka kutoka nafasi ya 6 hadi ya 17 kati ya nchi 22 kwa ushiriki wa wanawake katika kazi, 1990 hadi 2010, na kwamba takriban asilimia 29 ya kubaki nyuma huko kunaelezwa na sera za familia zilizopanuka kwingine. Lakini waliona pia kuwa katika nchi hizo nyingine wanawake wengi zaidi wako kwenye saa pungufu na wachache kwenye uongozi. Mama wa kisa hiki, kwa takwimu, ni mwanamke aliyeajiriwa. Saa 14 zilizopotea hazionekani kwenye safu hiyo.

Kalenda ambayo ingewafaa

Daraja la kodi libadilishwe mara wanandoa wanapoanza kufikiria mtoto, kupitia ofisi ya kodi au tovuti yake ya ELSTER. Mume atakatwa zaidi kwa miezi, na ziada itarudi kwenye hesabu za mwaka. Barua ya Elternzeit iombe miaka miwili, hata kama nia ni mmoja: kuifupisha pia kunahitaji ridhaa, lakini likizo ndefu inaweza kujazwa na kazi ya saa pungufu, ilhali fupi ikikosa mlezi haina pa kukimbilia. Maombi ya Kita yaingie kwenye tovuti mtoto akiwa na miezi michache, pamoja na barua kwa idara ya ustawi inayotaja tarehe na idadi ya saa. Posho iombwe ndani ya miezi mitatu, kwa kuwa hairudi nyuma zaidi ya hapo, na miezi yake ihesabiwe kwa tarehe ya kuzaliwa, si kwa mwezi wa kalenda: ya mtoto huyu ilianza katikati ya kila mwezi, na mume aliyepanga likizo kuanzia tarehe 1 angepoteza sehemu ya malipo.

Kanuni zilizobadilika

Kwa watoto waliozaliwa tangu Aprili 2024, wazazi wanaweza kupokea posho kamili kwa pamoja mwezi mmoja tu, ndani ya miezi 12 ya kwanza. Pacha na watoto njiti ni miongoni mwa waliosamehewa. Mpango wa mume kukaa miezi miwili ya mwanzo na mkewe, wote kwa posho kamili, hauwezekani tena. Kwa watoto waliozaliwa tangu Aprili 2025, wazazi wenye mapato ya kutozwa kodi yanayozidi euro 175,000 kwa mwaka hawapati posho, jambo lisiloigusa familia hii. Minijob ilipanda hadi euro 538 mwaka 2024 na 556 mwaka 2025. Mke na mume wanafikiria mtoto wa pili. Daraja liko IV kwa wote wawili, lakini posho itahesabiwa kwa mshahara wa saa 25.